Mrija wa Kwanza Nilioukataa

Mbuba, Ngara.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Danstan,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaiandika: marahaba. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Tunduru, pamoja na mke wako Gaudence na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Fundi aliyelala chini ya malori kwa miaka ishirini hawezi kunidanganya kwamba haumwi mgongo. Gaudence akukande kwa maji ya moto, na wewe usimbishie.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini nikishamaliza kumwagilia bustani yananyooka yenyewe. Mvua bado hazijaanza na vumbi la barabarani linaingia mpaka kabatini. Maharage ya msimu uliopita yalitosha. Irine, binti yako ninayeishi naye hapa, ni mzima na tangu jana amerudi kula kama mtu. Kwa nini alikuwa hali, utalisoma mbele.

Sasa nije kwenye ule ujumbe wako wa simu, usio na nukta wala herufi kubwa, ulioniambia kwamba nimekuaibisha mbele ya wakwe. Nilikujibu kwamba usubiri siku ishirini na moja, nawe ukakasirika. Sikuwa na kiburi. Nilikuwa siwezi kukuandikia habari ambayo mwisho wake sikuujua, na mwisho huo ungeweza kuwa kaburi. Habari uliyonayo umepewa na Sostenes, kaka yako, na Sostenes ndiye mwenye kosa.

Unaikumbuka bustani yangu. Tangu nilipostaafu ualimu nimeiongeza. Nina mawaridi mekundu kando ya uzio, mipera minne, mapasheni yaliyopanda hadi paa la choo, na mkuyu ule wa marehemu baba umekuwa mkubwa kiasi kwamba kivuli chake kinafika kwenye migomba. Ndege aina ya chozi huja kwenye maua tangu saa moja asubuhi. Na juu ya mkuyu, miaka mitatu sasa, wanakaa popo. Ni wale wakubwa wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, wanaoning'inia mchana kutwa wakigombana kama wanawake kisimani. Nimewapenda. Nilikuwa naweka kiti changu chini yao baada ya misa na kuwatazama wakijipepea kwa mbawa zao.

Hilo la kiti chini yao nimeliandika kwa makusudi, kwa sababu nataka unichukie kidogo kabla hujamchukia Sostenes. Mimi, niliyewachapa watoto wa Mbuba miaka thelathini na minne kwa kutonawa mikono, nilikuwa naokota pera lililoumwa na popo, nakata palipoumwa, na kinachobaki nakila. Nilijiambia kwamba ni dhambi kutupa chakula. Nikikumbuka sasa, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Tulishaonywa. Homa ya Marburg ilipotangazwa jirani zetu Biharamulo mwanzoni mwa mwaka huu, dada yetu Selestina aliniambia kwamba huko kwake Bisibo, Biharamulo, watu waliacha hata kupeana mikono kanisani. Mhudumu wa afya wa hapa kwetu akapita nyumba kwa nyumba: msiguse popo, msile matunda yaliyoumwa, funikeni vyakula, na aliyemgusa popo aangaliwe siku ishirini na moja. Alieleza kwamba popo wanaotajwa zaidi kwa ugonjwa huo ni wale wa mapangoni, siyo hawa wa mitini, lakini wanyama wa porini wana mengi ambayo bado hayajapimwa. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Alipoondoka nikarudi kwenye kiti changu.

Posa ya Irine ilipangwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti. Kama ujuavyo, mchumba wake ni Felisiani wa Murusagamba, mjukuu wa mzee Nkeshimana. Ukoo wao ulitoka Burundi mwaka 1972, na mzee huyo anashika desturi kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Alituma neno kwamba hataki soda wala bia za chupa. Anataka rubisi, pombe ya ndizi, ikamuliwe hapa hapa nyumbani kwa binti. Sostenes akajitolea kukamua.

Aliniuliza aweke wapi mtumbwi wa kukamulia, lile gogo lililochongwa ndani, naye alitaka uwekwe nyuma ya nyumba yake. Nikamwambia auweke chini ya mkuyu, penye ubaridi, ili wageni wapitapo waione bustani yangu na popo wangu. Ndiyo, Danstan. Maneno hayo yalitoka katika kinywa changu.

Basi ndizi zikaivishwa shimoni, zikamenywa, zikakamuliwa kwa nyasi, unga wa mtama uliokaangwa ukatiwa, na mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba ili pombe ichachuke. Majani tu. Juu yake popo zaidi ya mia wanakula makuyu usiku kucha, wanatema makapi na kujisaidia palepale wanapokula. Huhitaji kusomea udaktari kujua kilichoangukia majani yale na kupenya kwenye nafasi zake.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kukata mawaridi ya mezani. Chini ya mgomba wa tatu nikaona nzi wengi. Nikasogeza jani kwa fimbo. Alikuwa popo mchanga, amekufa, mbawa zimegandamana, na manyoya yake yalikuwa yamejaa unga wa mtama. Alinuka rubisi. Sitakuficha: nilitapika kwenye mawaridi.

Nilimwita Sostenes. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Nilimwonyesha kwa fimbo.

"Aa, huyo," akasema. "Nilimtoa alfajiri."

"Ulimtoa wapi?"

"Humo humo, dada. Lakini nimechuja upya. Mara mbili. Hata nimeonja, imekolea vizuri kabisa."

"Ulimtoa kwa kitu gani?"

Akainua vidole vyake viwili na kunionyesha, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

Danstan, nimesimamia mitihani ya watu wavivu na nimeuguza watu wachafu, lakini sijawahi kumtazama ndugu yangu wa tumbo moja kwa kinyaa kama nilichokuwa nacho asubuhi ile. Mtu wa miaka hamsini na sita! Nilimnawisha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara tatu. Nikamwamuru amwage pombe yote shimoni na afukie. Akasema sawa, atamwaga, na atachukua chungu kingine cha rubisi kwa rafiki yake wa ng'ambo ya bonde. Niliamini. Wageni walikuwa wameshafika njia panda, nami nilikuwa sijabadili kanga.

Sostenes hakumwaga. Alisema baadaye kwamba aliwaza jasho lake la siku tano, na kwamba rafiki yake hakuwa na pombe.

Unaijua desturi ilivyo. Chungu huwekwa katikati, na mkubwa wa nyumba ya binti huvuta kwa mrija kabla ya wote, ili wageni wajue hakuna sumu. Kwa kuwa wewe hukuwepo, mkubwa ni mimi. Mzee Nkeshimana alikaa mbele yangu amevaa koti zito katika joto lile. Kushoto kwake alikaa Speciose, shangazi wa kijana, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Irine alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. Sostenes akanipa mrija.

Niliinama. Povu lilikuwa na vipunje vidogo vyeusi, na vipunje hivyo navijua, kwa sababu navifagia kwenye kiti changu kila wiki. Ni mbegu za makuyu zilizokwisha kupita tumboni. Nikamtazama Sostenes. Akatazama viatu vyake.

Nikauweka mrija chini.

Kwao wale wageni, kitendo hicho kina maana moja tu. Mwenye pombe akikataa kuonja pombe yake, amewaambia wageni kwamba imetiwa sumu. Nilijua hivyo. Lakini ningefanya nini? Ninywe kinyesi ili tusionekane wabaya? Na nikishakunywa, niwanyweshe na wao, kikongwe yule na vijana wale, huku nikijua?

Speciose alikuwa wa kwanza kusimama. "Mwalimu hanywi! Mnaona? Hanywi cha kwake!"

Nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kihangaza, wasije wakasema hawakuelewa. Nilisema ni popo, ni uchafu, si sumu. Maelezo yalizidi kuniharibia.

"Kwa hiyo mmetupikia popo," akasema Speciose. "Tungekuwa watu wa hapa mngetupikia popo? Au ni kwa sababu babu zetu walikuja na mikeka kichwani?"

Waliondoka bila kugusa hata karanga. Felisiani aligeuka mara mbili kumtazama Irine, na mara zote mbili Speciose alimvuta shati. Mzee Nkeshimana alibaki nyuma, anatembea polepole. Akaniuliza swali moja: "Aliyemshika huyo mnyama na kuonja pombe ni nani?" Nikamwonyesha Sostenes. Akamtazama, kisha akanigeukia.

"Mganga wenu anasema mtu kama huyu aangaliwe siku ngapi?"

"Ishirini na moja, mzee."

"Basi huyu akiwa hai siku ya ishirini na moja, nitarudi. Na wewe utakunywa kwanza. Akifa, mtoto wetu atatafuta kwingine, na tutajua mlichokuwa mmetuwekea."

Hapo ndipo mambo ya binti yako yaliposhikiliwa, Danstan: kwenye mwili wa Sostenes. Sasa unaelewa kwa nini sikutaka kukusimulia kwa simu.

Mhudumu wa afya alikuja siku ileile, amevaa glavu. Popo alizikwa kwa koleo, pombe ikamwagwa shimoni pamoja na maji ya klorini, na mtumbwi ukachomwa. Alituambia hatari si kubwa, ila tupime joto la Sostenes kila asubuhi, na asichangie chombo na mtu. Kwa hiyo nilimhamishia chumba cha uani. Kila siku saa kumi na mbili nilimwekea kipimajoto juu ya kigoda, nikarudi nyuma hatua nne, naye akakiweka kwapani akiwa amenuna.

"Dada, mimi si mbuzi wa mnadani."

"Mbuzi wa mnadani hatumbukizi vidole kwenye mizoga. Soma namba."

Siku ya tisa alisoma namba thelathini na nane na nusu. Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye majivu, sikutafuta hata kiti. Irine alisimama dirishani na hakulia. Alishika nondo za dirisha tu. Walimchukua damu. Ilikuwa malaria. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa malaria maishani mwangu, lakini siku ile nilimshukuru, na nikaona aibu kwa sala hiyo. Na bado, nilipompelekea uji nikamwona amekunja miguu kitandani kama alivyokuwa akilala udogoni, kinyaa changu hakikuondoka. Nilimsogezea bakuli la uji kwa fimbo. Ninakuambia ukweli wote.

Katikati ya hayo, mwenyekiti wa kitongoji, Rwekaza, akanijia na wanaume sita wenye mapanga, manati na matairi mabovu. Walitaka kuukata mkuyu na kuwachoma popo. Mmoja alikuwa na gunia. Nilimuuliza la nini. Akasema ni la kubebea watakaoanguka, maana kuna watu wanaowala.

Watu haohao waliokataa kunisalimia kwa sababu ya popo mmoja, wanataka kuwaangusha mia moja vichwani mwao, wakiwa hai, wakiuma, wakitokwa damu, kisha wawatie guniani kwa mikono mitupu na kuwapeleka jikoni! Nilisimama chini ya mkuyu na mwavuli wangu.

"Mwalimu, hao wadudu ni wako?" Rwekaza akauliza.

"Hawa si wadudu, na wewe nilikufundisha hivyo darasa la nne. Hawajashuka kumgusa mtu yeyote. Sisi ndio tuliowapelekea bakuli chini ya choo chao."

Mhudumu wa afya aliitwa, akawaambia vilevile, kwa maneno laini kuliko yangu. Waliondoka. Mwenye gunia alikuwa wa mwisho, akitazama juu kama mtu aliyenyimwa nyama sikukuu.

Tangu siku hiyo nimeweka mambo sawa. Nimezungushia mkuyu uzio wa matete, hatua ishirini kutoka shinani, na hakuna anayeingia humo, hata mimi. Kiti changu kipo barazani. Mapera nayachuma yakiwa yameanza tu kugeuka rangi, na lililoumwa nalifukia. Bado nawatazama popo. Huwezi kuamini, lakini kutoka barazani wanapendeza zaidi, kwa sababu sisikii harufu yao.

Jana, Jumamosi, siku ya ishirini na moja, kipimajoto kilisoma thelathini na sita na nukta saba. Saa nane mchana mzee Nkeshimana akaja na watu wake, kama alivyoahidi.

Rubisi ya safari hii niliisimamia mwenyewe. Ilikamuliwa ndani ya stoo ya mahindi, kwenye mtumbwi mpya uliooshwa kwa maji yanayochemka, na wanaume wawili wa jumuiya yetu walionawa mbele yangu. Juu yake niliweka ubao, na juu ya ubao chandarua kipya ambacho hakijawahi kutumika. Ilipofika kwa wageni, kila mmoja alikuta kikombe chake na mrija wake wa tete uliochemshwa, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni.

Mzee Nkeshimana alikuwa ametoa mrija wake mwenyewe ndani ya koti. Ni mweusi kwa uzee, na mdomo wake umeng'aa kwa midomo ya watu wote aliopata kunywa nao. Naomba usile huku ukiwaza hilo. Akautazama mrija wangu mweupe, akaitazama ndoo, akakitazama kikombe.

"Mwalimu," akasema, "hii ni posa au zahanati?"

Hata Speciose alicheka, kisha akajikumbusha kwamba amekasirika.

Nilijibu kwamba ni posa ya watu wanaotaka kuwaona wajukuu wao. Kisha akaurudisha mrija wake mweusi ndani ya koti, taratibu, kama mtu anayeficha kitambulisho, akachukua wa kwangu.

"Kunywa basi," akasema.

Unajua kwamba sijaonja kileo tangu mwaka niliopata kipaimara. Chungu kilikuwa kimoja, katikati, kama desturi inavyotaka. Nilikataa kuchangia mrija, sikukataa kuchangia chungu. Nikachotewa kabla ya wote. Nikavuta. Danstan, watu wanapigana na kuuza mashamba kwa ajili ya kitu kile? Ni uchachu wa ndizi iliyosahauliwa kwenye begi la shule. Nikaishikilia mdomoni, machozi yakinitoka.

"Meza tuone koo, mwalimu!" Speciose akapaza sauti.

Nikameza. Wakaliona koo. Nikavuta tena mara ya pili bila kuombwa, ili mtu asije akasema moja ilikuwa ya kubahatisha. Ndipo mzee akanywa, akafuata Speciose, akafuata Felisiani, na nyuma ya mlango nikasikia kigelegele cha Irine, ambacho kwa desturi si haki ya bibi arusi kukipiga. Nilimsamehe.

Baadaye mzee aliomba aonyeshwe hao popo. Tukasimama penye uzio wa matete, mimi nimeishika fimbo yake na yeye ameshika mwavuli wangu. Aliinua uso, akawatazama wakijipepea.

"Ndio hawa waliotaka kutuharibia ndoa?"

"Hapana, mzee. Ni mdogo wangu."

Akaguna. Akasema kwamba huko kwao Murusagamba naye anao wengi kwenye miembe, na kwamba kesho atahamisha mtumbwi wake. Hakuniambia mtumbwi huo ulikuwa umekaa wapi miaka yote hiyo, nami sikutaka kuuliza.

Harusi ni Jumamosi, tarehe 8 Novemba, na wewe ni baba wa binti. Omba ruhusa kazini mapema. Pombe hutaigusa wala Sostenes hataigusa. Kazi yake itakuwa kusimama mlangoni na ndoo ya maji na kuhakikisha kila mgeni amenawa. Amekubali bila ubishi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Neno la mwisho kuhusu huyo kaka yako. Wageni walipoondoka, alisimama uani, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Kwa siku ishirini na moja sikumgusa, na kwa hakika sikutaka. Nilimwambia anyooshe mikono. Ilikuwa safi, hata chini ya kucha. Nikampa mkono. Aliushika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa salamu, nami nilimwacha. Kisha nilikwenda kunawa, na yeye akaja akanawa kando yangu, katika ndoo ileile.

Msalimie sana Gaudence, na Privatus, na Tecla mdogo. Mwambie Tecla nimemwekea mbegu za mawaridi. Selestina wa Bisibo anakusalimu. Irine anakupa shikamoo na kusema kwamba usiposhuka kwenye basi tarehe sita Novemba, atakufuata huko huko Tunduru akiwa na shela. Mungu awalinde njiani, awaepushe na homa zote, zenye majina na zisizo na majina.

Ni mimi, dada yako anayekupenda hata anapokukaripia,

Marsiana